Uzi: Usinunue kebo ya monita kabla hujayasoma matundu ya pande zote mbili

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Hapa swali la "nimepata monita, ninunue kebo gani?" haliishi, na majibu ni yale yale: chukua HDMI, kazi imekwisha. Kwa wengi jibu hilo linatosha. Lakini limewaacha wengine wakitumia monita ya 4K inayotembea kwa Hz 30 (picha inachorwa upya mara 30 tu kwa sekunde), mshale wa kipanya unaburuzika, dirisha ukilihamisha linakatika katika, na wao wanaamini ndivyo monita ilivyo. Hilo linaniuma. Mtu ameshalipia kitu kizuri halafu anakitumia nusu kwa sababu hakuna aliyemweleza. Kwa hiyo leo naandika kwa urefu, mwenye swali aulize hapo chini.

Kauli yangu ni moja: kebo huchaguliwa mwisho. Kwanza ujue tundu la laptopu linaweza kutoa nini. Kisha ujue tundu la monita linaweza kupokea nini. Kisha ujue unataka rezolusheni gani, yaani idadi ya pikseli (vidoti vya picha), na Hz ngapi. Kilicho dhaifu kati ya hivyo ndicho kitakachoamua picha utakayoiona, na hakuna kebo, hata iwe ghali kiasi gani, itakayoliongezea nguvu tundu la zamani.

Tuanze na hesabu kidogo, maana ukiielewa hutahitaji kumuuliza mtu tena. Monita ya 1920 × 1080 ina pikseli zaidi ya milioni mbili. Kila pikseli inabeba biti 24 za rangi, na picha nzima inachorwa upya mara 60 kwa sekunde. Zidisha vyote hivyo, utapata karibu gigabiti 3 kwa sekunde. Monita ya 2560 × 1440 kwa Hz 60 inataka kama gigabiti 5.3. Ya 4K, yaani 3840 × 2160, inataka karibu gigabiti 12. Juu ya namba hizo ongeza kidogo, kwa sababu kati ya picha moja na inayofuata kuna muda mfupi ambao nao unakula nafasi.

Sasa tazama uwezo wa matundu kwa data halisi ya picha. HDMI 1.4, iliyotoka 2009, inabeba kama gigabiti 8.2. HDMI 2.0 ya 2013 inabeba 14.4. DisplayPort 1.2 ya 2010 inabeba 17.28, na DisplayPort 1.4 ya 2016 inabeba 25.92. Weka namba hizi kando ya zile za juu, utaona mwenyewe kwa nini laptopu yenye HDMI 1.4 inakwama kwenye 4K ya Hz 30. Gigabiti 12 haziingii kwenye 8.2, basi. Kebo haina kosa lolote hapo.

Tupite kwenye matundu yenyewe.

VGA, lile la bluu lenye pini 15, ni la mwaka 1987. Linatuma picha kwa mawimbi ya analogi na halibebi sauti. Kama laptopu au monita yako haina tundu jingine, litumie, lakini ukishapanda hadi 1920 × 1080 utaona maandishi yanakosa ukali, hasa kebo ikiwa ndefu au nyembamba. DVI ni ya 1999 na kwenye laptopu za leo huikuti tena. Ukiwa na monita ya DVI-D, kebo ya kawaida ya HDMI kwenda DVI inatosha, maana mawimbi ya picha ni ya aina moja. Ila usitegemee sauti.

HDMI ipo karibu kila mahali, na tatizo lake ni kwamba tundu la toleo la 1.4 na la 2.1 yana umbo lile lile. Huwezi kulijua kwa macho. Chukua namba kamili ya modeli ya laptopu, ile iliyobandikwa chini, ufungue ukurasa wa sifa zake kwa mtengenezaji. Ukikuta wameandika HDMI tu bila toleo, tafuta sentensi inayotaja rezolusheni ya juu kwa monita ya nje. Wakiandika "3840 × 2160 kwa Hz 30", umeshajibiwa: hiyo ni 1.4. Fanya hivyo hivyo kwa monita, kwa sababu zipo monita zenye DisplayPort inayofika Hz 144 huku HDMI ya monita hiyo hiyo ikiishia Hz 60 au 75.

DisplayPort ndiyo ninayoipenda kwa kazi za mezani. Ina kidude cha kubana kinachoizuia isichomoke, imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta tangu mwanzo, na haina ile tabia ya kuichukulia monita kama televisheni ambayo nitaieleza tukifika huko. Laptopu nyingi hazina tundu kubwa la DisplayPort, lakini nyingi zinaitoa kupitia USB-C. Na hapo ndipo penye mambo.

USB-C ni umbo la tundu tu. Ndani yake kunaweza kuwa na data peke yake, au data na chaji, au data, chaji na picha. Ili litoe picha, laptopu lazima iwe imewekewa DisplayPort Alt Mode, yaani tundu linaweza kuzigeuza nyaya zake za kasi zibebe mawimbi ya DisplayPort. Angalia alama pembeni ya tundu. Kialama cha radi chenye mshale ni Thunderbolt, njia ya kasi kubwa inayopita kwenye tundu la USB-C, nayo inatoa picha. Herufi D iliyoikumbatia P ni DisplayPort, nayo inatoa picha. Ukiona alama ya USB peke yake, au kialama cha betri tu, usinunue chochote kabla ya kusoma sifa za modeli. Wapo watengenezaji wasioweka alama yoyote ilhali tundu lina kila kitu, kwa hiyo kukosekana kwa alama si ushahidi.

Ushauri wangu kwa mwenye laptopu ya miaka ya karibuni na monita yenye DisplayPort: chukua kebo ya USB-C kwenda DisplayPort, mita moja hadi mbili, iliyoandikwa wazi kwamba inafika 4K kwa Hz 60 au zaidi. Kama monita ina USB-C yenyewe, kebo ya USB-C kwa USB-C ni nzuri zaidi, kwa sababu waya mmoja utaleta picha, utachaji laptopu na utafufua matundu ya USB yaliyo nyuma ya monita. HDMI iwe chaguo pale ambapo umeshajua matoleo ya pande zote mbili yanatosha.

Karibuni.

#2

Mkuu ubarikiwe. Nimekuwa nikiona "30" kwenye mipangilio bila kujua maana yake. Nafuatilia.

#3

Mimi nina swali, mleta uzi. Laptopu yangu ina alama ya radi, na monita ina USB-C. Nimechomeka kebo ya USB-C iliyokuja na chaja ya simu. Laptopu inachaji kutoka kwenye monita vizuri kabisa, lakini monita inasema hakuna mawimbi. Tundu limekufa?

#4 Mleta uzi

Ndugu, tundu liko salama. Tatizo ni kebo, na hili ndilo linalowakuta wengi kuliko yote.

Ndani ya USB-C yenye kila kitu kuna jozi nne za nyaya za kasi. Picha hupita humo. Kebo nyingi za chaja hazina jozi hizo kabisa. Zina nyaya za umeme na zile mbili za USB 2.0 ambazo mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde. Umeme unapita, data ndogo inapita, lakini picha haina njia. Hakuna mpangilio wala draiva itakayobadilisha hilo.

Jambo la kushika hapa: wati na picha ni vitu viwili tofauti. Kebo inaweza kuandikwa wati 100, hata 240, na bado ikawa ya USB 2.0 ndani. Watu wanaona namba kubwa ya wati wanadhani kebo ina kila kitu. Tafuta namba ya kasi: 10, 20 au 40 Gbps (gigabiti kwa sekunde), au alama ya radi. Ikiwa na mojawapo ya hizo kwenye plagi yenyewe, na si kwenye pakiti tu, picha itapita.

Ukiishika mkononi, kebo yenye nyaya zote huwa nene na ngumu kidogo kukunja kuliko ya chaji. Si kipimo cha uhakika, lakini kebo laini na nyembamba ya mita mbili ningeitilia shaka kabla hata ya kuichomeka.

#5

Nakubaliana na mengi ila kwenye HDMI naona umewatisha watu. Kebo ya HDMI ni kebo tu. Mimi natumia ya zamani iliyotoka na dekoda, naiona 4K Hz 60 bila shida. Digitali ni sifuri na moja, inafika au haifiki.

#6 Mleta uzi

Mkuu, unachosema kina ukweli na ningependa tukitenganishe vizuri, kwa sababu wauzaji wanafaidika na mkanganyiko huu.

Kweli: kama picha inafika bila makosa, kebo ya bei ya juu haitaifanya iwe na rangi nzuri zaidi. Plagi ya dhahabu inasaidia kuzuia kutu, haiongezi ukali wa picha. Na kweli, kebo fupi ya zamani iliyotengenezwa vizuri inaweza kubeba zaidi ya ilivyoahidiwa. Yako ni mojawapo.

Lakini "inafika au haifiki" si picha kamili. Kebo isiyomudu kasi huonyesha dalili kabla ya kufa. Utaona vidoti vyeupe vinametameta kwenye sehemu nyeusi za picha. Monita itakuwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili halafu inarudi, hasa unapowasha kitu kingine karibu au unapoigusa kebo. Au Hz za juu hazitokei kabisa kwenye orodha. Ukiona hayo, punguza Hz. Yakitoweka, umeshamjua mhusika.

Kuhusu madaraja: kwa kanuni za HDMI kebo haziuzwi kwa namba za matoleo. Wenye HDMI wameyapanga kwa majina. High Speed ilipimwa kwa kazi za HDMI 1.4. Premium High Speed imepimwa kwa gigabiti 18, yaani 4K kwa Hz 60. Ultra High Speed imepimwa kwa gigabiti 48, yaani HDMI 2.1 nzima, 4K ya Hz 120 na zaidi. Hizi mbili za mwisho zinapaswa kuwa na lebo ya cheti kwenye pakiti ambayo unaiskani kwa programu rasmi ya simu ukathibitisha. Kebo iliyoandikwa "HDMI 2.1" kwa maandishi makubwa bila lebo hiyo imekupa maneno tu.

Na wewe uliye na kebo ya dekoda inayofanya kazi, endelea nayo. Hakuna sababu ya kuibadilisha.

#7

Mimi kisa changu ni kinyume. Laptopu ina HDMI tu, monita ina DisplayPort tu. Nikanunua kebo yenye HDMI upande mmoja na DisplayPort upande mwingine. Haifanyi kazi. Muuzaji anasema kebo ni nzima, na kweli kwenye kompyuta ya mwenzangu inafanya kazi. Naomba msaada.

#8

Dada, kwenye kompyuta ya mwenzako nadhani DisplayPort iko upande wa kompyuta na HDMI upande wa monita. Sivyo?

#9

Ndiyo, ndivyo.

#10 Mleta uzi

Mdau wa #8 amelenga penyewe.

Kebo hizi mchanganyiko zina mwelekeo. Tundu la DisplayPort kwenye kompyuta nyingi, lile lenye alama ya DP yenye vijumlisha viwili, linajua kujigeuza na kutoa mawimbi ya HDMI lenyewe. Kwa hiyo kebo rahisi ya DisplayPort kwenda HDMI haina kazi ngumu. Kompyuta imeshafanya ugeuzaji. Upande wa pili hakuna kitu kama hicho. Tundu la HDMI la laptopu halijui kuongea DisplayPort, na monita haijui kusikiliza HDMI kupitia DisplayPort. Anahitajika mkalimani katikati.

Mkalimani huyo ni adapta yenye chipu, na kwa kawaida ina kamkia ka USB kwa ajili ya umeme, kwa sababu tundu la HDMI halitoi umeme wa kutosha kuiendesha. Ukiona adapta ya HDMI kwenda DisplayPort isiyo na njia yoyote ya kupata umeme, iulizie sana kabla ya kulipa. Soma pia rezolusheni iliyoandikwa juu yake, nyingine zinaishia 4K ya Hz 30.

Sheria hiyo inaigusa pia USB-C kwenda HDMI. Ndani ya plagi kuna chipu inayogeuza DisplayPort kuwa HDMI. Inatoka laptopu kwenda monita. Huwezi kuigeuza ukatoa HDMI ya laptopu ya zamani ukaingiza kwenye monita ya USB-C. Haitafanya kazi hata ukiisubiri. USB-C kwenda DisplayPort ina aina mbili, zipo zinazoenda upande mmoja na zipo za pande zote mbili. Kama unahitaji ya pande zote, lazima pakiti iseme hivyo.

Kwa wenye adapta rahisi za DisplayPort kwenda HDMI, zile zisizo na chipu ya kugeuza: zina kikomo. Za aina ya kwanza zinafika 1920 × 1200 kwa Hz 60. Za aina ya pili zinafika 4K kwa Hz 30. Ukitaka 4K kwa Hz 60 tafuta iliyoandikwa kwamba ni amilifu (active), yaani yenye chipu ya kugeuza.

#11

Mleta uzi, mimi picha inakuja, 4K na Hz 60 inaonyesha, lakini maandishi yana ukungu. Hasa maandishi mekundu kwenye nyeusi, pembeni mwa herufi kuna kivuli. Meseji za kawaida nyeusi kwenye nyeupe ziko nafuu. Natumia HDMI. Nimebadilisha kebo, hali ni ile ile.

#12 Mleta uzi

Maelezo yako ni mazuri sana, ndugu, yamenipa jibu karibu lote.

Laptopu na monita zinapokubaliana kutumia 4K ya Hz 60 kwenye njia isiyotosha, zina ujanja mmoja: kupunguza habari za rangi. Badala ya kila pikseli kupewa rangi yake, pikseli nne zinagawana rangi moja, huku mwanga wa kila moja ukibaki. Kwenye maelezo utaona imeandikwa YCbCr 4:2:0. Kwenye filamu huwezi kuona tofauti. Kwenye maandishi ya rangi, hasa nyekundu au bluu juu ya nyeusi, unaona kivuli hicho hicho ulichokieleza, kwa sababu mpaka wa herufi umechanganywa na jirani zake.

Kwenye Windows 11 fungua Settings, kisha System, Display, Advanced display. Chagua monita ya nje. Utaona Hz, na chini yake muundo wa rangi. Ikisomeka RGB au 4:4:4, yaani kila pikseli ina rangi yake, basi dhana yangu si sahihi tutafute kwingine. Ikisomeka 4:2:0, una njia tatu. Ya kwanza, ingia kwenye menyu ya monita yenyewe, zile batani zake, uangalie kama HDMI imefungwa kwenye toleo la zamani. Monita nyingi zina chaguo la kuiwasha 2.0. Ya pili, ingia kwenye programu ya kadi ya picha uchague RGB. Ya tatu, na ndiyo ningeifanya mimi, toka kwa USB-C kwenda DisplayPort kama laptopu inaruhusu.

Kuna ndugu yake tatizo hili anayefanana naye: nyeusi inaonekana kijivu, rangi zimepauka kama zimefuliwa. Huyo anatokana na laptopu kuidhania monita kuwa televisheni. Inatuma mwanga kuanzia 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Kwenye programu ya kadi ya picha, iwe Intel, AMD au NVIDIA, kuna sehemu ya masafa ya rangi, weka kamili. Monita nayo ina chaguo lake, hakikisha pande zote mbili zinasema jambo moja. Hiyo ndiyo tabia ya HDMI niliyosema nitaieleza.

#13

Muundo wa rangi unasoma 4:2:0. Kwenye menyu ya monita kulikuwa na chaguo la HDMI 1.4 na 2.0, lilikuwa kwenye 1.4. Nimeweka 2.0, skrini ikazima, ikawaka, sasa inasoma RGB na maandishi yako safi. Kebo ni ile ile. Asante sana mkuu.

#14

Nina monita mbili na laptopu yenye USB-C moja. Inawezekana kuziendesha zote?

#15 Mleta uzi

Inawezekana, ila jibu linategemea una mfumo gani.

DisplayPort tangu toleo la 1.2 ina MST, inayobeba picha za monita zaidi ya moja kwenye waya mmoja. Unanunua doki (kisanduku cha matundu mengi kinachochomekwa kwenye laptopu) au kigawanyio cha MST, au monita ya kwanza ikiwa na tundu la DisplayPort la kutolea, unaunganisha ya pili kupitia hiyo. Windows inalikubali hili bila shida. macOS, mfumo wa kompyuta za Mac, hailiungi mkono kwa kupanua eneo la kazi; monita mbili kwenye MST zitaonyesha picha moja ile ile. Mwenye Mac anahitaji doki ya Thunderbolt, na kabla ya hapo asome chipu yake, maana MacBook Air za M1 na M2 zinaruhusu monita moja tu ya nje.

Kumbuka ile hesabu. Monita mbili zinagawana njia moja. Na kuna jambo la doki ambalo linawauma wengi: jozi za kasi ni nne. Doki ikitaka kukupa pia USB ya kasi kwa diski za nje, inachukua mbili, picha inabaki na mbili. Laptopu ya DisplayPort 1.2 ikibaki na jozi mbili ina gigabiti 8.64 tu, na hapo 4K inarudi kwenye Hz 30. Monita nyingine za USB-C zina chaguo kwenye menyu: kipaumbele kiwe rezolusheni au kasi ya data. Ukichagua rezolusheni, USB za nyuma ya monita zinashuka hadi 2.0. Kwa kibodi na kipanya haina neno. Doki za Thunderbolt 3 na 4 hazina kizuizi hicho kwa namna hiyo, njia yake ni ya gigabiti 40.

Kama tundu lako halitoi picha kabisa, zipo doki za DisplayLink. Hizo zinabana picha na kuituma kama data ya kawaida ya USB, na zinahitaji draiva. Kwa hati na majedwali zinafaa. Kwa michezo na uhariri wa video sizipendekezi, na filamu zenye ulinzi zinaweza kukataa kuonyesha.

#16

Naongeza kidogo kwa wanaotumia DisplayPort. Kuna kebo hafifu ambazo pini ya 20 imeunganishwa pande zote mbili. Pini hiyo inabeba umeme wa volti 3.3 na kwenye kebo ya kawaida haitakiwi kuunganishwa. Ikiunganishwa, umeme wa monita unaingia kwenye kompyuta. Utaona kompyuta imezimwa lakini taa fulani inabaki kuwaka kidogo, au inagoma kuwaka mpaka uchomoe monita. Ukiona hivyo itoe kebo hiyo.

#17 Mleta uzi

Nyongeza muhimu sana, asante mdau. Ndiyo maana kwa DisplayPort nasisitiza kebo zilizopitishwa na VESA, wenye kiwango hicho. Zina alama: DP8K kwa DisplayPort 1.4, na DP40 au DP80 kwa hizi mpya za 2.1. Kwa monita ya kawaida ya ofisini DP8K ni zaidi ya mahitaji.

#18

Mwisho kwangu. Meza iko upande mmoja wa chumba, skrini kubwa iko upande wa pili, kama mita kumi. Kebo ya urefu huo ipo?

#19 Mleta uzi

Ipo, lakini si ile ya kawaida. Kebo ya shaba isiyo na chipu inapoteza nguvu kadiri inavyorefuka, na kasi ikiwa kubwa urefu unapungua haraka. Kwa DisplayPort kwenye 4K ya Hz 60 mimi sipiti mita mbili bila sababu. Kwa HDMI ya gigabiti 18 mita tatu hadi tano huenda vizuri ikiwa ni Premium kweli. USB-C ndiyo fupi zaidi. Kebo za Thunderbolt 3 zisizo na chipu zinashika gigabiti 40 kwa chini ya mita moja tu; za Thunderbolt 4 zenye chipu zinafika mita mbili.

Kwa mita kumi za 1920 × 1080, HDMI nzuri ya shaba inaweza kufika. Kwa 4K chukua HDMI ya nyuzi za mwanga. Inageuza mawimbi kuwa mwanga kwenye plagi ya kwanza na kuyarudisha kwenye plagi ya pili, na inakwenda makumi ya mita bila shida. Usiikunje kwa pembe kali wala kuibana na mlango, nyuzi zake ni za kioo.

Na ina mwelekeo. Plagi moja imeandikwa Source, hiyo inaingia kwenye laptopu; nyingine imeandikwa Display, hiyo inaingia kwenye skrini. Kama utaipitisha ukutani au chini ya zulia, iunganishe kwanza sakafuni, washa, hakikisha Hz zinasoma unavyotaka kwenye mipangilio, ndipo uifiche. Ikikataa kutoa picha, soma maandishi ya plagi kabla ya kuirudisha kwa muuzaji.